Nyumba Yetu Ilikuwa Chini Mno

Mke wangu alianguka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, uwani, hatua nne kutoka mlango wa jikoni. Ilikuwa katikati ya Aprili 2025, masika yameshika Nairobi, na saruji ya uwani inateleza kama imepakwa sabuni. Alikuwa amebeba beseni la unga wa mahamri ulioumuka tayari. Miguuni alivaa patipati zilizolika visigino, zile nilizomwambia azitupe naye akanijibu kuwa bado zina siku zake. Beseni lilitua wima, hata tonge moja halikumwagika. Aliyemwagika ni yeye.

Tunakaa Majengo, Pumwani, katika nyumba ya vyumba sita ya mtindo wa zamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma uwa wenye jiko na choo cha wapangaji wote. Kwa hiyo alipopiga kelele tulitoka sote, na mimi nikawa wa kwanza kumfikia na wa kwanza kukosea. Nilimtia mikono makwapani nikamwinua. Sauti aliyoitoa sijapata kuisikia kwa miaka arubaini na moja ya ndoa, na nimesikia za uzazi wa watoto wanne nikiwa nje ya mlango. Nikamrudisha chini. Ndipo nikautazama mguu wa kulia: umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelala nje, unatazama ukuta. Mpangaji mmoja, mama anayefanya kazi ya usafi katika zahanati, akasema, "Baba Asha, usimguse tena. Hiyo ni nyonga." Hakuwa amesomea udaktari, lakini alishaona miguu iliyolala hivyo, na alisema kweli.

Tuling'oa ubao wa kitanda, tukamtelezesha juu yake na godoro jembamba, vijana wanne wakambeba hadi kwenye Probox ya jirani anayesambaza mikate. Viti vya nyuma vilikunjwa. Nilikaa kichwani pake, nikiushika ubao usicheze kila tulipopita shimo. Njia ile naijua tangu utotoni, ila sikujua ina mashimo mangapi.

Hospitali sitaitaja, maana nina la kuilalamikia na wapo pia waliotutendea wema ndani yake. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umekatika shingoni, pale juu unapoingia kwenye nyonga. Kabla hata daktari hajamaliza kusema, simu yangu ililia: shangazi yake, anayejua mkandaji hodari wa viungo. "Msikubali akatwe," akasema. "Huyu akikanda siku saba mtu anatembea." Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nilikandwa kifundo cha mguu nikiwa kijana nikapona. Nikamuuliza daktari wa mifupa, kijana wa umri wa mwanangu wa tatu. Alikunja ngumi akaiweka katika kiganja cha mkono wa pili. "Mzee, hii ngumi ndiyo kichwa cha mfupa. Damu inayokilisha inapanda kwa mishipa myembamba inayopita hapa shingoni. Shingo ikikatika na kuhama, mishipa nayo inakatika. Kichwa kinakosa chakula, kinakufa humo humo ndani. Utakanda nini?" Kwa mgonjwa wa miaka sitini na saba aliyevunjika namna hiyo, akasema, ni kukitoa kile kichwa na kuweka cha chuma. Shangazi nilimweleza hivyo hivyo, na ngumi juu. Sina hakika aliiona kwenye simu.

Daktari alituambia pia kwamba upasuaji huu unafaa ufanywe mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili, kwa sababu mzee akilala kitandani mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni na ngozi inachubuka. Ulifanywa siku ya sita. Sehemu ya kuchelewa huko ni yangu. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF ya zamani tarehe 1 Oktoba 2024 nilijisajili haraka, nikaona yamekwisha. Mchango wa mwaka sikuwa nimeulipa, kila mwezi nasema mwezi ujao. Niliulipa nikiwa nimesimama kwenye korido, kwa pesa za binti yangu. Sehemu nyingine haikuwa yangu: chuma chenyewe hakikuwapo, mara kinakuja kesho, mara tukinunue wenyewe, mara dirisha la malipo limefungwa kwa chakula cha mchana, na kila dirisha linakupeleka kwa jingine. Hapo ndipo kikundi cha WhatsApp cha ukoo kiliponiaibisha kwa wema. Watu ambao sijawatembelea tangu arusi ya Asha walituma mia tano, elfu moja. Chama cha akina mama wa mahamri kikatoa mchango wa zamu nzima. Msikitini Ijumaa vijana wawili wakajitolea kwenda kuchangia damu.

Mwenye mgonjwa wa nyonga nitamwambia neno hili kabla ya yote: tazama chupa yake ya maji.

Siku ya pili niliiona chupa niliyomwachia asubuhi ingali imejaa jioni. Nikadhani hana kiu. Siku ya tatu vilevile. Nilipombana akageuza uso ukutani akasema taratibu, "Nikinywa nitataka kwenda haja." Mguu umefungwa bandeji na kuvutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, kwa hiyo haja ni kwa kile chombo bapa kinachoingizwa chini ya kiuno. Manesi ni wawili kwa wodi nzima. Mimi nipo, lakini mimi ni mwanamume, ni mumewe, na miaka yote ile alikuwa akifunga mlango wa choo hata nyumba ikiwa tupu. Alikuwa akimngoja Asha atoke kazini saa kumi na mbili jioni ndipo ajisaidie. Kutwa nzima anajizuia, na ili ajizuie hanywi.

Sista mmoja mtu mzima alinivuta kando. "Mzee, huyu asipokunywa maji, baada ya upasuaji akili itamruka. Jifunze hiki chombo leo." Akanifundisha: mgonjwa akunje mguu mzima, ajisukume kidogo, usimvute; weka upande wenye mdomo mpana chini ya makalio; leso juu ya mapaja muda wote, hakuna kufunua. Mara ya kwanza sote wawili tulitazama dari. Mara ya pili nilimwaga nusu shukani na yeye akacheka, kicheko cha kwanza tangu aanguke, akashika ubavu kwa maumivu akaendelea kucheka. Baada ya hapo haya ikawa imekwenda zake. Alikunywa maji.

Lakini siku mbili tatu za kiu zilikuwa zimeshapita.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia, nilikuwa nje nikihesabu vigae. Walimchoma sindano ya ganzi ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho nusu nusu. Aliniambia baadaye: "Nilisikia nyundo. Ko, ko, ko. Nikafikiri nimepelekwa Kamukunji kwa mafundi wa masufuria." Kwa saa moja na ushei mambo yakawa yamekwisha, na daktari akatoka anatabasamu. Nikaenda nyumbani nikalala kama gogo. Nilidhani kazi imekwisha.

Usiku wa pili simu ililia. Sista wa zamu aliniita nirudi, na akaniingiza ingawa saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimepita zamani. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani anang'oa dripu. Aliponiona akatulia, akaniuliza kwa adabu ile anayowatumia watu asiowajua: "Samahani, bwana. Treni ya Mombasa imeshafika? Mume wangu ni gadi."

Nilikuwa gadi wa treni kwa miaka ishirini na miwili. Treni ile ya usiku haipo tena. Nikamwambia, "Mimi ndiye mumeo, nimestaafu." Akakasirika. Nikashindana naye: hapa ni hospitali, umevunjika, mimi ndiye. Kila nilivyozidi kumsahihisha ndivyo alivyozidi kuogopa, mpaka akaanza kuwaita watu wa stesheni wamwondolee mzee huyu. Ni jambo la kutia uchungu kufukuzwa na mkeo kwa ajili yako wewe mwenyewe.

Sista hakushtuka hata kidogo. Alisema huwapata wazee wengi baada ya kuvunjika nyonga, kwa maumivu, dawa kali, kukosa usingizi, kukosa maji, ugeni wa mahali, na mara nyingi hupita baada ya siku chache, si wazimu. Akaagiza apimwe mkojo asiwe na maambukizi. Kisha akauliza, "Huyu mama havai miwani?" Nikagusa mfuko wa koti. Miwani ilikuwa humo. Nilipewa niitunze wakati anaingizwa chumba cha upasuaji, nikaitunza kweli, siku mbili nzima, huku yeye akiitazama dunia kupitia ukungu.

Nilimvisha. Nikaacha kushindana. Nikamwambia, "Treni imechelewa Voi, itafika asubuhi. Lala, nitakuamsha." Akanishukuru, akalala. Sheikh mmoja niliyemsimulia alisema huo si uongo, treni zile kweli zilikuwa zikichelewa. Kulipokucha nilifungua pazia, nikamtajia siku, mahali, jina la binti yake, nikampa uji. Kwa siku tatu alikuwa akienda na kurudi. Siku ya nne akanitazama akasema, "Baba Asha, hiyo shati hujaibadilisha tangu lini?" Nikajua amefika.

Katikati ya hayo yote walimsimamisha. Asubuhi iliyofuata upasuaji, hata jeraha halijakauka! Kijana wa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja na fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne, akasema mama asimame. Mimi nikarukia. Nikamkumbatia kiunoni, nikambeba karibu mzima mzima, nikamsimamisha, nikajiona mume wa maana. Kijana akangoja nimalize. "Mzee," akasema, "umesimama vizuri sana wewe. Sasa mama naye asimame." Alimketisha upya, akamfunga leso kiunoni kwa fundo imara, akanionyesha: simama upande wa mguu mgonjwa, shika leso kwa nyuma, na usiivute isipokuwa anaanguka. Mikono yake isukume kitanda, si shingo yako. Ilimchukua dakika nzima kuinuka. Sijapata kuona dakika ndefu kama ile. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kwenye leso kwa hamu ya kuvuta, na kijana ananitazama mimi, hamtazami yeye.

Kisha akatusomea masharti. Kwa jinsi alivyopasuliwa, kwa nyuma, ile nyonga mpya inaweza kuchomoka katika majuma ya kwanza, kwa hiyo: asiiname hadi paja likaribie tumbo kupita pembe ya mraba, magoti yasiwe juu kuliko nyonga, asipishanishe miguu, asigeuze kidole gumba cha mguu ndani, alale na mto katikati ya mapaja. "Asikae mahali pa chini," akamalizia, kama jambo dogo.

Mahali pa chini. Nilifunga macho nikaitembelea nyumba yetu kwa mawazo. Mlangoni mkeka, ndipo tunapolia chakula. Jikoni kigoda cha kukalia mbele ya jiko la makaa, nalo jiko liko sakafuni. Kando yake mbuzi ya kukunia nazi, urefu wake hata goti haufiki. Chumbani kitanda cha chini ambacho nilikikata miguu mwenyewe ili asipate shida kupanda. Sebuleni kochi lililobonyea, ukikaa unamezwa. Uwani choo cha kuchutama. Na mswala wake, mara tano kwa siku, kwenye rukuu na sujudu. Mke wangu alikuwa ameishi miaka sitini na saba chini, na kijana huyu anasema apande.

Akanipa futi ya kupimia. Kutoka unyayo hadi nyuma ya goti: sentimita 41. Kila anachokalia kipite hapo, akasema, tuwekee 48, na kiwe kigumu chenye mikono ya kujisukumia. Nikaandika nambari hiyo kwenye pakiti ya sigara ya mtu, nikaenda nayo Kamukunji.

Fundi wa pale alinisikiliza huku anagonga sanduku la shule. Nilitaka kiti cha chuma kisicho na kitako: tundu katikati, mikono pembeni, miguu yenye mpira chini, kipana kiasi cha kusimama juu ya choo cha kuchutama bila kuyumba, na chepesi kiasi cha kubebwa, kwa sababu choo ni cha vyumba sita na wengine wanachutama. Aliniuliza ni cha nani, nikamwambia. Akaacha kugonga. Mama yake alivunjika hivyo hivyo mwaka mmoja nyuma, wakamlaza chumbani, hakuamka tena. Alinitoza bei ya vyuma tu. Akaniongezea vikombe vinne vya chuma vya kuinulia kitanda, akanikataza matofali: "Matofali yanateleza, mzee. Yatakuangushia mgonjwa mara ya pili." Ukimtafutia mgonjwa wako vifaa, usianze na maduka ya vifaa vya hospitali. Anza na mtu mwenye nyundo na futi, mradi umemletea kipimo.

Kochi tulilitoa nje. Mikeka na vizulia vyote nikavikunja, maana kila kinachokunjika pembeni ni mtego wa fremu. Uwani nikawaomba wapangaji tuchangie saruji ya kukwaruza isiyoteleza, na huo ndio mchango pekee ambao haukuwa na ubishi Majengo. Kuhusu sala, imamu alijibu kabla sijamaliza swali: aswali kwenye kiti, rukuu kwa ishara, sujudu kwa ishara ya chini zaidi kidogo. Nikadhani litakuwa jepesi kuliko yote, kumbe hilo ndilo lililomliza. Kulazwa na kuoshwa na mumewe kulimpita, lakini paji la uso kutogusa chini hakukumpita. Sikuwa na la kumwambia. Nilikaa sakafuni kando ya kiti chake mpaka alipomaliza.

Sindano za kuzuia damu isigande tulirudi nazo nyumbani, moja kila siku hadi zitimie 28, na za nyumbani zote nilichoma mimi. Finya ngozi ya tumbo, mbali na kitovu, sindano wima, sukuma polepole, usisugue. Siku ya kwanza jasho lilinitoka kuliko yeye. Dawa za maumivu nazo zilimfunga choo. Papai, maji na kutembea ndivyo vilivyosaidia, na hapo nitaishia. Sasa anameza kidonge cha kuimarisha mifupa kila Jumamosi, tumbo tupu, na maji matupu, kisha akae wima nusu saa kabla ya chai. Kumzuia mama wa mahamri asiguse chai nusu saa ni kazi kuliko sindano.

Kosa langu la mwisho lilikuja tumesharudi. Nilimwogopea kiasi kwamba sikumwacha apumue. Nilimpelekea maji, nikamchania nywele, nikasimama nyuma yake hata anapokwenda dirishani. Usiku nilifunga uzi kutoka kifundo cha mkono wake hadi changu, ili akitaka kuamka nisikie. Usiku wa tatu niliamka nikakuta uzi umekatwa kwa mkasi, na yeye amesimama kwenye fremu karibu na mlango, peke yake, anatabasamu gizani. "Mimi si mbuzi wa Idi," akasema.

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikasogeza kiti njiani, ukumbini, katikati ya chumba chetu na choo, awe na mahali pa kupumzikia. Nikarudi kitandani nikajilaza, nikisikiliza ile fremu: to, kisha miguu, to, kisha miguu. Ilikwenda, ikakaa kimya pale kwenye kiti, ikaendelea, ikarudi. Sidhani nilivuta pumzi zaidi ya mara nne.

Baada ya miezi mitatu aliacha fremu akachukua mkongojo. Baada ya mitano alirudi kwenye biashara, asubuhi tatu kwa juma, jiko limepandishwa juu ya meza ya chuma, naye anachoma mahamri akiwa amesimama, akichoka anakaa kwenye kiti cha 48. Anasema kwa juu huko ndipo alipogundua jinsi ninavyofuta vumbi.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka huu, 2026, alinituma tena Kamukunji, safari hii na mbuzi ya nazi mkononi. Fundi aliung'oa ule ulimi wa chuma kwenye kibao, akautilia komeo, tukaufunga kwenye ukingo wa meza, usawa wa kiwiko chake. Sasa anakuna nazi ya futari ameketi wima kama karani wa benki. Mimi bado nakula mkekani, peke yangu. Jana aliinamisha kichwa kutoka juu ya kiti chake, akanitazama nikihangaika kuinuka, goti moja kwanza, mkono ukutani, akauliza kama anipimie.